Somo la Afya na Mazingira: Wataalamu wanajuaje kwamba mvua kubwa inakuja, na sisi tunahusikaje?



Sisi wahamasishaji wa afya tukipita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba msimu ujao unaweza kuwa na mvua nyingi, swali moja linarudi katika kila kijiji cha kambi: "Nani amewaambia? Mvua ni ya Mungu." Wengine wanaongeza kwamba kuna mwaka ilitangazwa mvua kubwa, watu wakachimba mitaro, na mvua ikawa ya kawaida tu. Maswali haya ni ya haki. Mtu anayeombwa kuacha kazi zake ili achimbe mtaro ana haki ya kujua habari hiyo imetoka wapi. Somo la toleo hili linajibu swali hilo. Tutaona jinsi wataalamu wanavyochunguza hali ya hewa ya dunia nzima, jinsi uchunguzi huo unavyohusu magonjwa ya hapa kwetu, na kwa nini daftari la mhamasishaji anayebisha hodi kwako kila wiki ni sehemu ya kazi hiyo hiyo.

1. DUNIA NI KAMA MWILI MMOJA

Mgonjwa akifika kituo cha afya akilalamika kichwa, muuguzi hatazami kichwa peke yake. Anapima joto, anasikiliza mapigo ya moyo, anaangalia macho, anauliza juu ya choo na chakula. Anafanya hivyo kwa sababu viungo vya mwili vinategemeana, na maumivu ya kichwa yanaweza kutokana na malaria iliyo katika damu.

Dunia nayo iko hivyo. Viungo vyake vikubwa ni hewa, bahari, ardhi pamoja na mimea yake, na barafu iliyo katika ncha za dunia na juu ya milima mirefu. Bahari ikipata joto, hewa iliyo juu yake inapata joto na kubeba mvuke mwingi. Hewa hiyo ikisafiri inapeleka mvua mahali fulani na kuacha ukame mahali pengine. Mvua ikinyesha mimea inaota, udongo unashika maji, na mbu wanazaliana. Kwa hiyo mtu anayetaka kujua mvua ya Burundi, Rwanda, Uganda au Kivu hawezi kutazama mawingu ya hapo peke yake. Lazima atazame bahari zilizo mbali sana.

2. JINSI WALIVYOGUNDUA

Mwaka 1904 Mwingereza mmoja, Gilbert Walker, alipewa kazi ya kuongoza vituo vya hali ya hewa vya India. Miaka michache kabla yake, mwaka 1899, mvua za India zilikuwa zimekosekana na njaa kubwa ikaua watu wengi. Walker alitaka kujua kama ukame wa namna hiyo unaweza kujulikana mapema.

Yeye hakuwa na kompyuta wala setilaiti. Alichokuwa nacho ni madaftari. Katika vituo vingi duniani kulikuwa na makarani ambao kila siku, saa ile ile, walisoma vipimo na kuandika: joto kiasi gani, mvua kiasi gani, mgandamizo wa hewa kiasi gani. Walker na wasaidizi wake walikusanya namba hizo na kuzilinganisha kwa mkono kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1920 alitangaza kwamba hewa ya Bahari ya Pasifiki inakwenda kama mizani. Mgandamizo ukipanda upande wa mashariki, unashuka upande wa magharibi, na baadaye mambo yanageuka. Mizani hiyo ilihusiana na mvua za India na za nchi nyingine. Hadi leo wataalamu wanaifuatilia kwa kulinganisha vituo viwili: kisiwa cha Tahiti na mji wa Darwin, Australia.

Sababu ilieleweka baadaye. Mwaka 1969 Jacob Bjerknes, mzaliwa wa familia ya Kinorwe aliyefanya kazi Marekani, alieleza kwamba hewa na bahari vinasukumana. Kwa kawaida upepo unasukuma maji ya moto ya Pasifiki kuelekea Asia. Upepo ukilegea, maji ya moto yanarudi mashariki, upande wa Amerika ya Kusini. Na maji hayo yakirudi, upepo unazidi kulegea. Wavuvi wa Peru walikuwa wakiyajua maji hayo ya moto tangu zamani, kwa sababu samaki walikuwa wanatoweka. Yalikuwa yakija karibu na Noeli, ndiyo maana waliyaita El Niño, yaani Mtoto, wakimaanisha Mtoto Yesu.

Tazameni basi: wavuvi waliona samaki, makarani waliona mgandamizo wa hewa, wakulima wa India waliona ukame. Kila mmoja alishika kipande chake. Jambo lilieleweka pale vipande vilipowekwa pamoja.

3. BAHARI YA HINDI NDIYO JIRANI YETU

Kwa eneo letu la Maziwa Makuu na Afrika Mashariki, Pasifiki peke yake haitoshi. Mwaka 1999 wataalamu, wakiwemo Wajapani, walieleza kwamba Bahari ya Hindi nayo ina mizani yake. Kuna miaka ambayo maji ya upande wa Afrika yanapata joto kuliko kawaida, na maji ya upande wa Indonesia yanapoa. Mwaka kama huo, mvua za Septemba hadi Desemba zinakuwa nyingi kwetu, na Indonesia na Australia zinapata ukame.

Mifano yake wazee wetu wanaikumbuka:

- Mwaka 1961 mvua zilikuwa kubwa mno. Ziwa Viktoria lilipanda karibu mita 2 au zaidi kufikia 1964, na Ziwa Tanganyika lilipanda pia.
- Mwaka 1997 El Niño kali na joto la Bahari ya Hindi vilikuja pamoja. Mafuriko yalizikumba nchi nyingi za Afrika Mashariki, na hata kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, zilizungukwa na maji.
- Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali tena, lakini mvua za kwetu kwa jumla hazikufika kiasi cha 1997, maana Bahari ya Hindi haikushirikiana nayo kwa nguvu ile.
- Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Niño ya maana, lakini Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto sana. Mvua zilikuwa nyingi, na mwaka 2020 Ziwa Viktoria lilifika kiwango ambacho halikuwa limefikia tangu 1964. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda, na nyumba nyingi za ufukweni Uvira na Kalemie ziliingiwa na maji.

Hapa ndipo tunapata jibu la wale wanaosema "walitangaza El Niño na haikunyesha." El Niño ni kiungo kimoja tu cha mwili.

Tuongeze jambo moja. Dunia nzima imepata joto zaidi ya digrii 1 tangu mwisho wa miaka ya 1800, hasa kwa sababu ya moshi wa mafuta na makaa ya mawe. Hewa ikipata joto kwa digrii 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Kwa hiyo mvua ikiamua kunyesha, inaweza kushuka kwa nguvu zaidi kuliko ile waliyoizoea babu zetu.

4. VYOMBO WANAVYOTUMIA LEO

Mwaka 1982 El Niño kubwa ilianza na wataalamu hawakuitambua mapema. Baada ya hapo waliamua kuweka vyombo baharini. Vyombo vikubwa ni hivi:

(a) Maboya yaliyofungwa. Kufikia 1994 karibu maboya 70 yalikuwa yamepangwa katikati ya Pasifiki. Yanapima upepo na joto la maji, na kutuma habari kwa setilaiti.

(b) Vyombo vinavyozama. Tangu miaka ya 2000 kuna vyombo vyembamba kama mtungi mrefu vinavyoelea katika bahari zote. Kila siku 10 chombo kinazama hadi mita 2,000, kinapanda kikipima joto na chumvi, kisha kinatuma namba zake. Viko karibu 4,000.

(c) Setilaiti. Ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960. Zinaona mawingu, joto la uso wa bahari, na hata rangi ya kijani ya majani nchi kavu.

(d) Vipimo vya mvua. Hiki ndicho chombo cha zamani na rahisi kuliko vyote, lakini bado kinahitajika. Setilaiti inakisia mvua kutoka juu. Kipimo kilicho chini ndicho kinachosema kama makisio ni ya kweli.

(e) Kompyuta kubwa. Wataalamu wanaigawa dunia katika visanduku vingi, vya hewa na vya bahari. Kompyuta inahesabu jinsi joto, upepo na maji vinavyotoka kisanduku kimoja kwenda kingine. Hawahesabu mara moja tu. Wanarudia mara nyingi, kila mara wakibadilisha kidogo mwanzo wake, kwa sababu hakuna anayejua hali ya kila sehemu ya bahari kwa usahihi kamili.

Ndiyo maana utabiri wa msimu unatolewa kwa asilimia. Kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD kilichoko Kenya, ICPAC, hukutana na wataalamu wa nchi za eneo hili, zikiwemo Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania, kabla ya msimu. Tuseme kwa mfano wanatangaza: asilimia 55 mvua kuzidi kawaida, 30 kuwa ya kawaida, 15 kupungua. Maana yake ni kwamba katika misimu 100 inayofanana na huu, misimu 55 ingekuwa na mvua nyingi na 45 isingekuwa nazo. Msimu ukiwa mmoja wa hizo 45, utabiri haukuwa uongo. Mama anayempeleka mtoto chanjo ya surua hajui kama surua itafika nyumbani kwake. Anajua tu kwamba ikifika, itamkuta mtoto amekingwa.

5. KUTOKA MVUA HADI UGONJWA

Sasa tufike kwenye afya. Mfano ulio wazi kabisa ni homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa Kenya mwaka 1931. Vinakaa kwa mifugo na vinaenezwa na mbu. Mtu anaambukizwa kwa kugusa damu au mimba iliyotupwa na mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu. Mbu mmoja wa aina inayohusika hutaga mayai yake kwenye udongo wa mabonde, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miaka bila kufa. Bonde likijaa maji siku nyingi, mayai yanaanguliwa yote pamoja.

Baada ya mlipuko mkubwa wa 1997 na 1998, Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walitazama nyuma. Waliweka pamoja joto la Pasifiki, joto la Bahari ya Hindi na picha za setilaiti za majani ya Kenya. Mwaka 1999 walitangaza kwamba vitu hivyo vitatu vikisomwa pamoja, mlipuko unaweza kujulikana hadi miezi 5 kabla.

Mtihani ulikuja mwaka 2006. Bahari zote mbili zilipata joto. Kuanzia Septemba walianza kutoa onyo, na ramani zao zilionyesha maeneo ya hatari kaskazini mashariki ya Kenya. Wagonjwa wa kwanza walionekana Garissa mwishoni mwa Novemba na Desemba, wiki 2 hadi 6 baada ya eneo hilo kuonyeshwa kwenye ramani. Utabiri ulikuwa sahihi.

Hata hivyo zaidi ya watu 1,000 waliripotiwa kuugua katika Kenya, Somalia na Tanzania, na zaidi ya 300 walikufa. Kwa nini, kama walijua? Kwa sababu kujua peke yake hakuzuii ugonjwa. Chanjo ya mifugo ilianza mlipuko ukiwa umekwisha kuingia. Ilichukua muda kwa onyo kutoka kwenye kompyuta hadi kufika kwa mchungaji anayechinja mbuzi mgonjwa. Mnyororo ulikatikia mwishoni.

Ugonjwa huo hauko Kenya tu. Uliripotiwa Kabale, Uganda, mwaka 2016, Rwanda mwaka 2018, na mwaka 2022 Rwanda na Burundi.

Malaria nayo inafuata mvua, lakini inachelewa. Yai la mbu linachukua kama wiki 1 hadi 2 kuwa mbu kamili. Vimelea vinahitaji kama siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya mbu, na vikiingia kwa mtu vinachukua tena wiki 1 hadi 2 kabla ya homa. Kwa hiyo wimbi la wagonjwa linakuja mwezi 1 hadi 2 baada ya mvua kushika. Ndivyo ilivyokuwa Kabale mwanzoni mwa 1998: baada ya mvua za El Niño, malaria ilipanda hadi milimani ambako watu hawakuizoea. Kuhusu kipindupindu, wataalamu waliochunguza miaka ya 2000 hadi 2014 walikuta kwamba katika miaka ya El Niño Afrika Mashariki ilikuwa na karibu wagonjwa 50,000 zaidi.

6. SISI NI KITUO CHA MWISHO

Bahari ina maboya, anga ina setilaiti. Lakini hakuna setilaiti inayoona mtoto mwenye homa chini ya shitingi. Hapo chombo cha kupimia ni wewe na daftari la mhamasishaji.

Karani wa zamani asingesoma kipimo chake kwa wiki nzima, Walker angekuwa na shimo katika hesabu. Na shimo si sawa na sifuri. Sifuri maana yake tulitazama na hapakuwa na ugonjwa. Shimo maana yake hakuna aliyetazama. Tukichanganya mambo haya mawili, tunadhani tuko salama kumbe tuko gizani.

Tuseme wazi jambo linalosemwa chinichini. Kuna familia zinazoficha mgonjwa wa kuhara kwa kuogopa kutengwa. Kuna familia zinazoficha msiba kwa kuogopa kupunguziwa chakula kwenye kadi. Hofu hiyo tunaielewa, kwani sisi pia tunakula kwa kadi hiyo hiyo. Lakini tufikirie. Watu watatu wa kijiji kimoja wakihara maji matupu katika siku mbili na wote wakifichwa, daftari litaandika sifuri. Klorini haitaongezwa bombani, na wiki inayofuata watakuwa thelathini. Aliyefichwa wa kwanza ndiye aliyekuwa onyo letu. Karatasi ya mhamasishaji inauliza umri, dalili na kijiji. Haiulizi namba ya kadi.

7. YA KUFANYA KABLA NA WAKATI WA MVUA

1. Chimbeni mtaro kuzunguka nyumba. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Paa la mita 4 kwa 5 likipata milimita 50, limepokea lita 1,000, yaani jerikani 50 za lita 20. Maji hayo lazima yaonyeshwe njia.
2. Zibeni mashimo ya matofali na mwageni maji yaliyotuama angalau mara moja kwa wiki.
3. Choo kiwe mbali na upande maji yanakotiririkia kwenda kisimani. Kikikaribia kujaa, toeni habari kabla ya mvua.
4. Laleni ndani ya chandarua kila usiku, hata mvua ikiisha. Wimbi la malaria linakuja nyuma yake.
5. Mtoto mwenye homa afike kituo cha afya ndani ya saa 24.
6. Mtu akihara maji mengi, aanze kunywa ORS papo hapo akipelekwa kituoni. Ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi.
7. Mbuzi, kondoo au ng'ombe kadhaa wakitupa mimba au wachanga wao wakifa, msiwaguse kwa mikono mitupu na msiwachinje. Toeni habari siku hiyo hiyo. Maziwa yachemshwe, nyama iive sawasawa.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni pamoja na watoto wa shule kisha mjibu:
- Kwa nini mwaka 2019 tulipata mvua nyingi bila El Niño kubwa?
- Asilimia 55 ya mvua nyingi ina maana gani?
- Kuna tofauti gani kati ya sifuri na shimo katika daftari?
- Mwaka 2006 utabiri ulikuwa sahihi. Mnyororo ulikatikia wapi?

Wenye maswali zaidi wamwone mhamasishaji wa kijiji chao, au wafike kwenye mazungumzo ya afya asubuhi pale kituoni. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Na dalili ya mlipuko ni yule mgonjwa wa kwanza. Msimfiche.

Mhamasishaji wa afya ya jamii